Kiti Kimoja, Mbao Tatu: Jibu kwa Ba Mdogo

Kiti kikiingia karakanani kwangu, kabla sijauliza habari zake nakipindua kichwa chini miguu juu na kukilaza mezani juu ya blanketi. Wenye viti hushtuka. Wamezoea kukitazama kutoka mbele, pale fundi alipotaka kitazamwe. Mimi nataka tumbo lake. Huko chini hakukuwa na mgeni wa kumridhisha, kwa hiyo fundi aliziacha alama za randa zilivyo, akaiacha mistari aliyoichora kwa ncha ya chuma ili kupimia matundu, na ukibahatika aliacha jina lake pia, limechomwa kwa chuma cha moto.

Mwezi uliopita kililala mezani kiti cha aina ya Windsor, kazi ya Philadelphia ya miaka ya mwisho ya karne ya 18. Nikakipiga picha za kila upande nikamtumia ba mdogo wangu, aliyenifundisha useremala Tanga na ambaye hadi leo anachonga vitanda na makabati ya mninga. Hazikupita dakika kumi simu ikaita.

"Shikamoo ba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nimekiona kiti chako. Kikalio mti mwingine, miguu mti mwingine, mgongo mti mwingine. Hao watu waliishiwa mbao?"

Nilicheka, lakini swali hilo ni bora kuliko mengi ninayoulizwa na wateja wangu hapa Pennsylvania, ambao wa kwanza huuliza bei. Sisi tuliolelewa kwenye mninga na mvule tunajua kwamba kitanda cha heshima ni cha mti mmoja. Ukichanganya, watu watasema umeokota mabaki ya kazi ya mtu mwingine. Kwenye simu sikuweza kumjibu vizuri kwa sababu alikuwa anawahi swala. Ndiyo maana naandika, na wengine mnaopenda mbao mtanisikiliza pembeni.

Kwanza kiti chenyewe. Wengi hudhani Windsor hujulikana kwa ule upinde wa mgongoni. Hapana, hujulikana kwa kikalio. Katika viti vingi, vya kwao na vya kwetu, miguu ya nyuma hupanda moja kwa moja ikawa nguzo za mgongo: mti mmoja kuanzia sakafuni hadi mabegani mwa mkaaji. Windsor haina mti kama huo. Kuna ubao mmoja mnene, miguu inaingia kwa chini yake, vijiti vya mgongo vinaingia kwa juu, basi. Uondoe ubao huo, utabaki na mzigo wa fito.

Waingereza ndio walioanza kuvitengeneza, vikiwa viti vya bustanini, na jina ni la mji wao. Vilivuka bahari mapema. Patrick Gordon, aliyekuwa naibu gavana wa Pennsylvania, alipofariki mwaka 1736 orodha ya mali zake ilitaja viti vitano vya Windsor. Kufikia miaka ya 1750 mafundi wa Philadelphia kama Thomas Gilpin walikuwa wakivitengeneza wenyewe na kuvichoma jina. Francis Trumble aliviuza kwa ajili ya jengo la serikali ya Pennsylvania, lile ambalo leo linaitwa Independence Hall. Thomas Jefferson alikuwa na cha kwake kilichofanyiwa ufundi kizunguke, kama viti vya ofisini vya leo, na mabaki yake yapo hadi sasa American Philosophical Society. Naye George Washington alipofariki mwaka 1799, orodha ya vitu vyake ilihesabu viti 30 vya Windsor kwenye baraza ya nyumba yake ya Mount Vernon, ile inayotazama mto Potomac. Viti thelathini barazani! Mtu huyo angekuwa wa Ngamiani pale Tanga, kahawa ingepikwa kwake.

Sasa mbao.

Kikalio cha kiti kilichokuwa mezani kwangu ni cha popla wa tulipu, mti mrefu unaonyooka kama mlingoti, na ndio waliopenda mafundi wa Philadelphia. Wenzao wa New England, huko Boston na Connecticut, walitumia msonobari mweupe. Yote miwili ni miti laini. Ukucha unaacha alama. Najua ba mdogo angeitupa jikoni ikawashe moto. Lakini angalia fundi anataka nini hapo: anataka ubao mmoja, bila kiungo, upana wa karibu nusu mita na unene wa sentimita tano, na anataka kuuchimba ufuate umbo la makalio ya binadamu kabla jua halijazama. Aliuweka ubao sakafuni, akausimamia kwa miguu miwili, akapiga tezo katikati ya nyayo zake mwenyewe. Baada ya tezo kikafuata kisu kilichopindwa kama mwezi mchanga, kisha randa ndogo yenye tumbo. Mti mgumu ungemla siku nzima. Tena msonobari mweupe una sifa nyingine ambayo seremala yeyote ataipenda: haujikunji sana ukikauka. Kutoka mbichi hadi mkavu kabisa unapungua asilimia 6.1 kwa upande wa mzunguko wa pete zake, na asilimia 2.1 tu kutoka kiini kwenda kwenye gome. Ubao mpana usiotulia ungepasuka siku ya kwanza ya majira ya baridi, watu wanapowasha moto ndani na hewa ikakauka kama ya tanuri.

Miguu ni mepo. Huu ni mti mzito, nyuzi zake zimesongamana, na ukiuweka kwenye kerezo unakubali kila umbo bila kumeguka: tumbo la mtungi, shingo nyembamba, pete yenye ukingo mkali kama wa sarafu. Wakereza wa Lamu na Unguja waliokereza miguu ya vitanda kwa kerezo la kamba wangeitambua kazi hii mara moja. Kwa wenzetu wa Philadelphia kerezo lilizungushwa kwa kukanyaga, au kwa gurudumu kubwa lililozungushwa na mwanafunzi wa karakana, kijana ambaye nina hakika alichoka kuliko bwana wake. Popla kwenye mguu ungevunjika pale kwenye shingo. Mepo kwenye kikalio ungemvunja fundi mgongo.

Inabaki sehemu ninayoipenda kuliko zote, vijiti na upinde. Hapo fundi alichukua hikori, au mwaloni, au eshi. Miti hii mitatu ina tabia moja: ukiipiga kabari ikiwa mbichi, inapasuka ikifuata nyuzi zake yenyewe, kwa urefu wote, kama unavyopasua ukuti.

Msumeno hauna habari na nyuzi. Unakata mstari uliochorwa, na nyuzi zikipinda, msumeno unazikata katikati. Kijiti kinaonekana kimenyooka lakini ndani yake kila uzi umekatwa mahali fulani, na siku mtu mnene akiegemea, kitakatikia hapo. Fundi wa Windsor hakuugusa msumeno kwa kazi hii. Alichukua gogo lililoangushwa juzi, akalipiga kabari likawa nusu, nusu ikawa robo, robo ikawa vipande vya unene wa mkono, kisha akavipasua kwa bapa refu la chuma linalopigwa kwa rungu huku mpini wake ukisimama wima ili alielekeze kushoto na kulia. Uzi unaoanzia mwisho mmoja wa kipande hicho unafika mwisho wa pili bila kukatika. Ndiyo maana kijiti cha Windsor kinaweza kuwa chembamba kama penseli pale juu na bado kikambeba mtu kwa miaka mia mbili. Tena kinabonyea kidogo unapoegemea na kurudi unaponyanyuka. Mgeni anayekikalia kwa mara ya kwanza hudhani kiti kimevunjika.

Kuchonga kijiti hicho alikaa juu ya benchi ambalo wao huliita farasi. Mimi siku zote huliona mbuzi. Umewahi kumtazama mtu anayekuna nazi? Amepanda kigoda, kazi iko mbele ya magoti yake, mwili mzima unafanya kazi. Ni mkao huohuo, ila hapa mguu unasukuma kanyagio, kichwa cha mti kinashuka na kukibana kijiti, na mikono miwili inavuta kisu chenye mipini miwili kuja kifuani. Ukilegeza mguu, kijiti kinaachiwa, unakizungusha, unabana tena. Nimejaribu kutumia jiliwa la chuma kwa kazi hii na sirudii. Ukifungua na kufunga jiliwa mara mia kwa kijiti kimoja utaichukia kazi.

Na upinde? Waswahili wamekwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunaisema tukiwa na mtoto mtukutu akilini, lakini kwa fundi wa viti ni kanuni ya kazi neno kwa neno. Fimbo ya hikori iliyopasuliwa, ikiwa bado na maji yake, inaingizwa kwenye sanduku la mvuke. Ikitoka, una sekunde chache tu. Unaizungushia kwenye kalibu, unapiga vigingi, unasikia nyuzi zikilalamika, unasali. Ikipoa kwenye kalibu na kukauka, haitanyooka tena. Fimbo iliyokatwa kwa msumeno huchanika kwa nje pale kwenye kona, pale nyuzi zinapochomoza. Mara ya kwanza nilipojifunza, nilivunja pinde nne kati ya tano, na zote nne nilikuwa nimezikata kwa mashine kwa sababu nilijiona mjanja.

Basi ba mdogo, jibu la swali lako ni kwamba hawakuishiwa mbao. Misitu ya Pennsylvania wakati ule ilikuwa haina mwisho. Walikuwa na mbao nyingi kiasi kwamba waliweza kuchagua kila kiungo cha kiti mti wake.

Lakini swali lina nusu ya pili, na hii haionekani kwenye picha. Miti mitatu inashikana vipi, kila mmoja ukiwa na tabia yake? Gundi ya ngozi walikuwa nayo, na waliitumia, ila hawakuitegemea. Walitegemea maji. Fundi alikausha ncha za vijiti na za vipingo, zile fito za kati ya miguu, karibu na moto, au kwa kuzichomeka kwenye mchanga wa moto, mpaka zikawa kavu kuliko zitakavyokuwa maisha yao yote. Miguu yenyewe, pale patakapotobolewa shimo, aliiacha na unyevu kidogo. Ncha hiyo, ambayo mafundi tunaiita ulimi, ikiingia kavu kwenye shimo lenye unyevu, inanyonya na kuvimba, na shimo linapokauka linajikunyata na kuibana. Vinashikana kama vidole vya watu wawili waliopeana mikono halafu kila mmoja akakataa kuachia.

Vilevile kile kipingo kinachounganisha mguu na mguu alikikata kirefu kwa kiasi cha unene wa ganda la boksi. Unaweza kudhani kazi yake ni kuvuta miguu isiachane. Sivyo, kinaisukuma. Miguu inasimama ikiwa imetanuliwa, na kadiri mtu anavyokaa, vitu vyote vinazidi kukazana. Hata tundu la mguu kwenye kikalio halikutobolewa sawasawa. Ni pana chini na jembamba juu, kama faneli, na mguu umechongwa hivyohivyo. Kila ukikaa unaupigilia mguu zaidi ndani ya ubao. Kiti chenye misumari hulegea kwa kukaliwa. Hiki hukaza.

Kisha kabari. Ncha ya mguu inapotokeza juu ya kikalio, hupasuliwa na kupigiliwa kabari, na kabari hiyo lazima ikae kukata nyuzi za kikalio, isizifuate. Ikizifuata, inakuwa shoka. Hili nilifundishwa, nikaliandika kwenye daftari, na miezi miwili baadaye nikapiga kabari kwa kuzifuata nyuzi nikiwa nazungumza na simu. Kikalio cha miaka mia mbili kikalia "taa!" kama kuni. Nilikiunga, nikamweleza mwenyewe, sikumtoza. Simu sasa inakaa kwenye droo.

Maji hayohayo ndiyo yananisaidia kujua kiti cha kale na kiti cha juzi. Mepo ngumu inapokauka kabisa hupungua asilimia 9.9 kwa upande wa pete na 4.8 tu kuelekea kiini. Maana yake, mguu uliokerezwa mviringo kamili ukiwa bado na unyevu hauwezi kubaki mviringo. Miaka inaubonyeza ukawa na umbo la yai. Kwa macho huoni. Lakini shika kipimo cha taya, pima sehemu nene ya mguu, zungusha robo, pima tena. Ukikuta tofauti ya kama milimita moja, na miguu yote minne ina hadithi hiyohiyo, umeanza vizuri. Mguu mviringo kabisa unaniambia ulikerezwa kwa mti uliokaushwa vizuri kwenye tanuri la kisasa, hata kama muuzaji ameupaka uchafu wa kila aina.

Sasa niingie mahali penye kidonda.

Mbao tatu kwenye kiti kimoja zina rangi tatu: popla una ukijani fulani, mepo ni mweupe, hikori ni ya udongo. Mafundi walilijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo Windsor ilipakwa rangi, zote, bila ubishi. Rangi ya kwanza Philadelphia ilikuwa kijani iliyotokana na kutu ya shaba: vibao vya shaba viliwekwa kwenye mvuke wa siki vikaota ukoga wa kijani, ukakwanguliwa, ukasagwa na mafuta ya kitani. Baadaye zikaja njano, nyeupe, nyeusi, nyekundu ya kahawia. Kila kizazi kilipaka juu ya kizazi kilichopita. Kijani ile ya mwanzo imegeuka kwa miaka ikakaribia weusi, lakini ipo, chini kabisa, imenywewa na mti.

Halafu karne ya 20 watu wakapata wazo kwamba mbao lazima "zionekane". Wakazitumbukiza Windsor kwenye mapipa ya dawa ya kubandua rangi, wakapiga msasa, wakapaka vanishi inayong'aa kama sahani ya mandazi. Zilizokufa hivyo hazihesabiki. Kiti kilichoondolewa rangi ni kama hati iliyofutwa maandishi: karatasi ipo, lakini huwezi kujua ilisema nini. Tabaka zile ndizo ushahidi. Ukikata punje ndogo kuliko punje ya chumvi na kuitazama kwa darubini, unaona tabaka zimepangana kama chapati za maji, na unaweza kuzihesabu. Ukikuta rangi nyeupe ya titani kwenye tabaka la chini kabisa, funga kitabu, maana rangi hiyo ilianza kuuzwa karne ya 20. Na bei nayo inafuata: Windsor yenye rangi yake ya zamani, hata ikiwa imebanduka na ina sura mbaya, inashinda mara nyingi pacha wake aliyesafishwa. Mteja akinipigia kunieleza kwa fahari kwamba "amekwishakiandaa kiti" kabla ya kukileta, moyo wangu huanguka.

Kuhusu waongo, kisa kimoja kinatosha. Kuna kiti cha karne ya 17 kinachohusishwa na William Brewster, mzee wa Waingereza waliohamia Amerika kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Ni kiti kizito cha vijiti vingi vilivyokerezwa, vimepangwa mgongoni, chini ya mikono na hata chini ya kikalio, na kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Pilgrim Hall huko Plymouth. Mwaka 1969 mchongaji wa Rhode Island aitwaye Armand LaMontagne aliamua kuwajaribu wataalamu. Akatengeneza kiti cha namna hiyo, akakichakaza, akakifukiza moshi, akang'oa baadhi ya vijiti ili kionekane kimepitia mengi, kisha akakiacha kitembee chenyewe sokoni. Kilitembea hadi kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan, wakakinunua kwa dola 9,000. Mwaka 1977 mwenyewe akajitokeza. Walipopiga eksirei walikuta ndani ya matundu kitako chenye alama ya keekee ya kisasa. Keekee ya zamani yenye umbo la kijiko huacha kitako cha mviringo kama bakuli. Nje alidanganya kila kitu. Ndani ya tundu, mahali ambapo jicho halifiki, alikuwa na haraka kama mimi na simu yangu. Makumbusho hawakukitupa, wakakiweka kama somo, na nawaheshimu kwa hilo.

Mtaniuliza mbona sijasema lolote juu ya viti vya mahogani, vile vyenye makucha ya ndege yaliyoshika tufe. Ni kazi kubwa, sibishi. Mwaka 1987 kiti kimoja cha sofa kilichotengenezwa Philadelphia kwa ajili ya John Cadwalader karibu na mwaka 1770, chenye miguu iliyoishia kwenye nyayo za mnyama zenye manyoya, kiliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 2.75. Philadelphia wana hata sahihi yao katika viti hivyo: ulimi wa fito ya pembeni unapita mguu wa nyuma moja kwa moja na kuonekana kwa nyuma. Lakini mahogani ilikuwa ya wenye fedha, na ilikatwa katika visiwa vya Karibi na pwani ya Honduras kwa mikono ya watumwa. Ni kama viti vyetu vya enzi vya Lamu, vya mpingo na pembe: vinakaliwa na mgeni mmoja mkubwa, wengine wanakaa mkekani. Mimi moyo wangu uko kwenye viti vya barazani.

Na barazani kulikuwa na mafundi ambao majina yao hayatajwi sana kwenye minada. Richard Poynor alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1802, akapelekwa Tennessee, akajipatia uhuru wake kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, na akawa mtengeneza viti wa wilaya nzima ya Williamson. Viti vyake ni vya mgongo wa ngazi, nguzo mbili na mbao nyembamba zilizopindwa kati yake. Si Windsor, ila elimu ni ileile: fito kavu, nguzo zenye unyevu, vinashikana. Niliwahi kukishika kimoja. Kilikuwa chepesi kama kapu tupu, na nilipokitikisa hakikutoa sauti hata moja. North Carolina nako kulikuwa na Thomas Day, Mweusi huru, aliyekuwa na karakana kubwa mjini Milton na wateja wazungu wenye mashamba wakimpigia hodi.

Jana ba mdogo alinipigia tena, nikamsomea haya kwa kifupi. Kuhusu mvuke hakuwa na swali. Aliuliza juu ya vanishi. Nikamwambia hapo kuna kitu cha nyumbani. Kuanzia miaka ya 1830, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilikuja Unguja kila mwaka. Zilileta ile nguo tuliyoiita merikani, zikarudi na pembe, karafuu na sandarusi, ule utomvu wa miti uliogandamana ukawa mgumu. Sandarusi iliyofukuliwa ardhini huko bara, ikiwa na maganda ya udongo, ilioshwa Salem kwenye kiwanda cha Jonathan Whipple mpaka ikatoka safi, na juu yake imejaa vipele vidogovidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ilipendwa kwa vanishi ngumu za magari ya farasi na samani. Haiyeyuki kirahisi, ni lazima iyeyushwe kwa moto mkali sana ndipo ikubali kuingia kwenye mafuta ya kitani, na viwanda vya vanishi viliungua mara nyingi kwa sababu hiyo. Nikimulika kiti cha wakati huo kwa taa ya urujuanimno, shelaki hung'aa rangi ya chungwa, na vanishi ya utomvu wa miti hutoa mwanga wa kijani wenye njano. Siwezi kusema kwa taa peke yake kwamba utomvu huo ulitoka Bagamoyo. Lakini nikiuona ule mwanga huwa nakaa kidogo kabla ya kuwasha taa za kawaida.

"Babu yako alikuwa na kipande cha sandarusi," ba mdogo akasema. "Kina mdudu ndani. Nikikipata nitakutumia. Na wewe nitumie fimbo ya hiyo hikori nijaribu kuikunja."

Nimekaa nalifikiria ombi lake tangu jana. Fimbo naweza kuipasua leo, na posta ipo karibu. Tatizo ni kwamba mpaka ifike Tanga itakuwa imekauka.